Shajara ya "Mlango": wiki kumi za mazoezi

Wiki ya 1, Jumatatu

Tumeanza kutunga mchezo wa dansi wa jukwaani. Tuko sita: wachezaji wanne, mpiga ngoma na fundi taa. Kati ya wachezaji, watatu tuna maradhi ya mishipa ya fahamu yasiyopona. Mzee, dereva wa basi mstaafu, ana Parkinson. Mimi, ambaye hapa wananiita Dada, pia, mwaka wa tisa sasa. Mwalimu ana multipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili humgeukia mwenyewe na kutafuna utando unaofunika nyuzi za fahamu. Wa nne tunamwita Kijana. Ni mcheza dansi wa kazi, ana magoti ya mpira, na ugonjwa wake pekee ni kuchelewa.

Naandika kwa kompyuta kwa sababu daftari limenishinda. Zamani maelezo yangu ya mazoezi yalikuwa na herufi kubwa za kujidai. Siku hizi kila mstari unaanza vizuri na kuishia kama njia ya sisimizi. Nilimwonyesha fundi taa ukurasa mmoja, akadhani nimeandika kwa msimbo ili asisome.

Hadithi hatuna. Tuna swali moja tu, la Mzee: "Tutacheza saa ngapi?" Nikamsomea ratiba ya mazoezi. Akatikisa kichwa. "Sikuulizi mazoezi, mwanangu. Nauliza siku yenyewe, mbele ya watu."

Wiki ya 1, Ijumaa

Ukumbi tuliopata hufunguliwa kwa maonyesho usiku tu, kuanzia saa moja unusu. Nimewaeleza wenyewe kwamba saa hiyo kwetu ni ya kuzimika. Wamenijibu kwa upole kwamba wasanii wote huwa na wasiwasi mwanzoni, halafu huzoea.

Niliandike hapa ili nisirudie kulieleza kila wiki. Parkinson huua polepole chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, na bila dopamini ya kutosha mwendo unakuwa mzito, mdogo, wenye kukwama. Dopamini yenyewe hainywewi ikafaa, maana haivuki kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Kinachovuka ni levodopa, ambayo ikishafika hugeuzwa kuwa dopamini. Tangu miaka ya 1960 ndiyo nguzo ya matibabu. Miaka ya mwanzo unameza kidonge na kukisahau. Baadaye ubongo hauna tena pa kuweka akiba, na kila kidonge kinakuwa na mawio na machweo yake. Sisi husema nimewaka, nimezimika. Kutoka kumeza hadi kuwaka, kwangu ni nusu saa siku njema na saa nzima siku mbaya. Kidonge kikizidi, mwili unajinyonganyonga wenyewe kama mwani ndani ya maji. Na nikila protini nyingi kabla ya dawa huenda nisiwake kabisa, kwa kuwa protini na levodopa hugombea mlango mmoja wa kuingilia.

Mlango. Nimeliandika bila kufikiri, nikarudi kulisoma. Nimelipigia mstari.

Wiki ya 2, Jumanne

Kijana amekuja na kipande alichokitunga nyumbani ili kutufurahisha: dakika tatu za mkono unaotetemeka. Umbo zuri, pumzi nzuri. Mkono ulianza kutetemeka alipounyoosha kushika kikombe, ukaendelea hadi kikombe kikaanguka. Mpiga ngoma alipiga makofi peke yake.

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Halafu: "Mwanangu, mkono wako unatetemeka ukifanya kazi. Wangu unatetemeka ukipumzika. Nikishika kikombe unatulia kidogo. Umecheza baridi, hujacheza Parkinson."

Hilo daktari James Parkinson alikwisha kuliona mwaka 1817, alipoandika maelezo yake ya wagonjwa sita, baadhi yao akiwa amewatazama tu barabarani. Miaka mia mbili na ushei, na bado jukwaani na kwenye filamu mkono wa kuigiza unatetemeka wakati usiofaa. Simlaumu Kijana. Mtetemo ndio unaoonekana kwa macho, kwa hiyo kila mtu huanzia hapo. Lakini mimi sitetemeki karibu kabisa. Ugonjwa wangu ulianza kwa mkono wa kushoto uliokataa kuyumba nilipotembea. Mwenzangu jukwaani aliuona kabla yangu akafikiri namnunia.

Sheria ya kwanza ya mchezo huu imepita kwa kura: hakuna atakayemwigiza mwenzake. Kijana ameuliza, kwa haki kabisa, sasa yeye atacheza nini. Sikuwa na jibu.

Wiki ya 2, Ijumaa

Jibu limepatikana na halimpendezi. Kijana atakuwa mlango.

Fundi taa ametuundia fremu ya mbao, nyepesi, yenye magurudumu manne madogo. Mwenye Parkinson akikaribia mlango, miguu inaweza kuganda kana kwamba imegundishwa sakafuni, ilhali kiwiliwili kinaendelea mbele. Ndipo watu huanguka. Hutokea pia kwenye kona, mahali pembamba, na mtu anapoharakishwa. Nyumbani mlango husimama pamoja na ukuta wake na unaweza kujiandaa. Kwetu mlango utakufuata. Utakuwa unazungumza na mtu, ghafla umesimama mbele yako.

"Nimesoma dansi miaka yote hii niwe fremu?" Kijana akauliza.

Mwalimu akamjibu: "Mimi nilisoma ualimu miaka yote hiyo na sasa nafundishwa na mguu wangu. Sukuma."

Wiki ya 3, Jumatano

Siku nzima ya tepu. Tumebandika mistari myeupe sakafuni, yenye nafasi ya hatua moja kati yake. Mzee aliyekuwa ameganda mbele ya fremu alitazama chini, akauona mstari, akauvuka. Halafu mwingine. Akapita mlangoni kama mtu anayeingia kwake.

Asiyejua huona muujiza, lakini namna inavyotokea inafahamika vizuri. Mwendo wa mazoea, ule tusioufikiria, unategemea sehemu za ndani ya ubongo ambazo ndizo zinazokosa dopamini. Ukipata kitu cha nje cha kulenga, kama mstari, mdundo au ngazi, mwendo huacha kuwa wa mazoea, ukawa wa kukusudia na kupita njia nyingine. Ndiyo maana wapo wanaoganda sakafuni lakini ngazi wanapanda. Mwaka 2010 madaktari wa Uholanzi walichapisha habari za mgonjwa aliyeshindwa kabisa kutembea bila kushikwa, akapewa baiskeli, akaiendesha, akakata kona na kurudi.

Mzee akatupa la kwake: miaka ya mwisho ya kazi, kabla hajajua anaumwa, kitu pekee kilichompa nafuu kilikuwa kiti cha basi. Nilicheka, kwa sababu ni habari ya kale. Charcot, daktari wa Paris aliyeupa ugonjwa huu jina la Parkinson, aliwasikia wagonjwa wake wakisema hivyohivyo juu ya treni na mikokoteni ya farasi. Akatengenezesha kiti kinachotikisika, akakielezea mwaka 1892. Kilipokuja kujaribiwa kisayansi zama zetu, mtikisiko haukuthibitika kuzidi utulivu wa kukaa tu vizuri. Mzee hakubali. Anasema hao watafiti hawakuendesha basi.

Nikiri jambo moja hapa. Kuna madarasa ya dansi kwa wenye Parkinson sehemu nyingi duniani. Yaliyo maarufu zaidi yalianza Brooklyn, New York, mwaka 2001 chini ya kikundi cha dansi cha Mark Morris Dance Group, na nimefaidi mengi kutokana na mtindo wao wa kumchukulia mgonjwa kama mcheza dansi. Ila darasa ni darasa. Jukwaani mtu anatazamwa na wageni, na hao wageni wana haki ya kudai kitu.

Wiki ya 4, Jumatatu

Mwalimu hakuja. Uchovu.

Wiki ya 4, Alhamisi

Mwalimu amerudi, na amefika na hoja. Anasema sisi wa Parkinson tumeuteka mchezo kwa sababu ugonjwa wetu unaonekana. Wake hauonekani. Uchovu wa multipo sklerosisi haufanani na ule wa kukosa usingizi. Hauishi kwa kulala na hauna umbo. "Nikiketi, watu wanaona mwanamke ameketi. Utaichezaje hiyo?"

Tukaanza kulijaribu palepale, na hapo taa zikatuvuruga. Fundi taa alikuwa amewasha zile kubwa za zamani, za balbu, ili aone kivuli cha fremu. Robo saa baadaye Mwalimu alisema jicho la kulia limeingia ukungu. Fundi alikimbilia simu. Mwalimu akamzuia, akaomba kitambaa cha maji baridi na akaenda kukaa gizani. Baada ya muda jicho likarudi.

Hili lina jina la daktari pia: Uhthoff, Mjerumani, alilieleza mwaka 1890. Waya uliochubuka utando hupitisha ujumbe kwa shida, na joto likipanda hata kidogo ujumbe unakatika. Mwili ukipoa, unapita tena. Kila mcheza dansi hupata joto, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kwa hiyo tunamwomba Mwalimu afanye kitu ambacho kikifanikiwa kinamzimia macho.

Uamuzi: taa zote ni za LED, feni pembeni mwa jukwaa, tepu nyeupe pana kwenye ukingo. Fundi taa alitaka pia mimweko ya haraka kwenye tukio la mwisho. Nimekataa. Mimweko zaidi ya mitatu kwa sekunde ndipo hatari huanza kuhesabiwa kwa mwenye kifafa cha mwanga, na huyo anaweza kuwa kiti cha tatu bila sisi kujua. Amenuna kidogo. Atapona.

Na tukio la Mwalimu limejipata lenyewe. Atalala chali katikati ya jukwaa kwa dakika tisa, hatasogea. Atampa Kijana maagizo kwa sauti: nyoosha, kunja, hapana, polepole, rudia, hujanielewa. Dansi yote itakuwa ndani ya mwili wa Kijana na haitakuwa yake. Leo walilijaribu mara moja. Kijana alitoka amelowa, Mwalimu alitoka amechoka kuliko yeye. Nimeliandika hili kwa furaha ambayo sikuwa nayo tangu tuanze.

Wiki ya 5, Jumamosi

Tuliwaalika watu kumi na wawili waone vipande. Mmoja aliniuliza mwishoni kwa nini nilikuwa nimekasirika.

Sikuwa nimekasirika. Misuli ya uso wangu imepungukiwa mwendo kama mingine yote, na ninapofurahi furaha inabaki ndani, haitokezi. Nimezoea kwenye foleni na kwenye mikutano. Nilisahau kwamba jukwaani uso ni nusu ya mshahara.

Kijana akapendekeza vinyago. Mwalimu akasema kinyago tayari anacho Dada, bure. Tumecheka, nami nadhani nimecheka pia.

Wiki ya 6, Jumanne

Nimeanguka. Nilikuwa nimezimika na sikumwambia mtu, nikageuka papo hapo kama nilivyokuwa nikigeuka nikiwa na miaka ishirini. Nyonga imevilia, hakuna kilichovunjika.

Mzee amechukua nusu saa kutufundisha kugeuka. "Basi haligeuki mahali lilipo. Linachukua kona." Duara pana, miguu ikitembea, kichwa kikitangulia. Wataalamu wa viungo wanafundisha hivyohivyo, ila hawana sauti yake ya kituo cha basi. Mageuzo yote ya mchezo sasa ni ya basi. Jukwaa limependeza: hakuna anayepinduka, kila mtu anazunguka kwa heshima.

Wiki ya 6, Ijumaa

Nililala nikifikiria huruma. Mwaka 1994 mtunga dansi Mmarekani Bill T. Jones alitoa Still/Here, kazi iliyozaliwa na warsha alizofanya na watu wenye maradhi yanayotishia maisha. Mhakiki Arlene Croce aliandika kwenye jarida la The New Yorker kwamba hajaiona na hana nia ya kuihakiki, kwa kuwa hawezi kuhakiki watu anaolazimika kuwahurumia. Ugomvi ulikuwa mkubwa, na kila nikiusoma upya naegemea upande wa Jones. Kuhukumu usichokiona ni uvivu. Lakini yule mama alikuwa amegusa kitu kinachonikera mimi pia. Wale wageni wetu kumi na wawili walitusifu wote. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba kipande changu cha pili ni kirefu, na ni kirefu, nakijua.

Nimekikata kutoka dakika saba hadi nne. Tukichosha, nataka tuambiwe tumechosha.

Wiki ya 7, Jumatatu hadi Alhamisi

Wiki ya ugomvi wa ngoma. Nitauandika wote.

Mzee anaganda mbele ya mlango, ngoma inaanza, Mzee anapita. Inafanya kazi kila mara, au karibu. Na kila tulipolirudia, mpiga ngoma alizidi kulipenda. Akaanza kulipamba: mdundo mdogo, kisha mkubwa, kisha Mzee anavuka huku ngoma inapaa. Jumatatu hata mimi nilisisimka.

Jumanne nikaona kinachotokea. Tumetunga tukio ambamo muziki unaponya. Watu watatoka ukumbini wakiamini kwamba mgonjwa anahitaji mdundo tu, na shemeji fulani atamwekea mgonjwa wake muziki na kumshangaa kwa nini hasimami. Ngoma haiponyi. Inafungua kwa hatua chache, na ikinyamaza mlango upo palepale.

Nikasema ngoma iondolewe. Mpiga ngoma akaweka fimbo chini. "Unajua inamsaidia, unataka nimnyime? Nikae nimtazame?" Hakupaza sauti, na hapo ndipo aliponishika. Nikimwondolea Mzee ngoma ninamgandisha kwa makusudi mbele za watu, na mtu aliyeganda anaweza kuanguka.

Jumatano hatukufanya mazoezi. Tulikaa tukizungumza, na nusu ya muda tulimzungumzia Mzee kana kwamba hayupo. Hilo ndilo wanalotufanyia kliniki: daktari mmoja aliwahi kumuuliza dada yangu, nikiwa nimeketi katikati yao, kama nalala vizuri. Mwalimu ndiye aliyetuzindua. "Mmuulize mwenyewe."

Mzee alisema ngoma ibaki lakini isianze yenyewe. Ataianzisha yeye. Atasema "haya", na mpiga ngoma ataanza. Asiposema, basi. Mpiga ngoma akauliza: na nisipokusikia? Maana sauti ya Mzee imefifia na ugonjwa. Yeye anaona anapiga kelele, sisi tunasikia mnong'ono.

"Basi sikiliza," Mzee akasema.

Alhamisi tulilijaribu. Fremu ikaja. Mzee akaganda. Mpiga ngoma akainama mpaka sikio lake likawa karibu na ngozi ya ngoma, macho kwenye midomo ya Mzee. Ukumbi mzima ulinyamaza kutafuta neno moja dogo. Sekunde 52. "Haya." Mapigo manane, hatua nane, kimya. Hakuna mapambo.

Wiki ya 8, Jumatano

Swali la kwanza limerudi: tutacheza saa ngapi?

Ukumbi wa usiku tumeuacha. Tumepata mwingine mdogo, viti 60, unaokubali saa tisa alasiri. Lakini hata hapo hakuna anayeweza kuahidi kuwaka saa tisa kamili. Mzee na mimi tunameza saa moja asubuhi, saa nne, saa saba, saa kumi. Tukimeza saa nane mapema ili tuwe tayari, tunaficha jambo ambalo ndilo maisha yetu.

Kwa hiyo hatutalificha. Watu wakiingia, sisi tutakuwa tumeketi jukwaani. Saa tisa tutameza vidonge mbele yao, kila mtu na glasi yake. Halafu tutasubiri. Mchezo utaanza Mzee na mimi tukiwa tumewaka, wala hatutawaambia ni baada ya muda gani, kwa kuwa hatujui. Daktari wangu amepanga nami vipimo vya dawa vya siku hiyo. Hilo silo la kubuni nyumbani.

Fundi taa ameuliza watu watafanya nini kwa muda wote huo. Nikamwambia, watasubiri. Akauliza na sisi tutafanya nini. Hilo lilimfanya Kijana acheke mpaka akakaa chini.

Wiki ya 9

Muda wa kusubiri: Jumatatu dakika 31, Jumanne 44, Alhamisi 27, Ijumaa hatukuwaka pamoja. Nilimaliza peke yangu.

Wiki ya 10, Jumamosi, mazoezi ya mwisho na maleba

Wageni 25. Nimewapiga marufuku marafiki wa karibu.

Kusubiri kulichukua dakika 38. Dakika kumi za kwanza walitutazama kwa adabu. Kisha simu zikatoka, zikarudi mifukoni. Mtu wa safu ya nyuma aliondoka. Dakika ya 25 hivi mwanamke mmoja alianza kuutazama mkono wa Mzee uliokuwa ukitetemeka gotini, nikaona wengine wakifuata macho yake, na kwa mara ya kwanza mtetemo ulitazamwa bila mtu kuuigiza. Ulipoanza kupungua waliuona ukipungua. Hakuna aliyewaeleza.

Kipande changu: sawa. Kugeuka: sawa. Mwalimu alilala dakika zake tisa, na katikati akasahau agizo linalofuata. Akamwambia Kijana, "Ngoja, nimesahau." Kijana alingoja, mguu mmoja hewani, karibu dakika nzima. Tunaliacha.

Halafu mlango. Mzee akaganda, kama ilivyopangwa. Mpiga ngoma akainama. Tukangoja "haya". Sekunde 50. Dakika. Dakika moja na nusu. Nilijua kwamba hakuwa anaigiza wala hakuwa amesahau. Kidonge kilikuwa kimemwacha mapema. Mpiga ngoma alinitazama akiomba ruhusa, nami nikatikisa kichwa, na sijui kama nilifanya vyema.

Kijana ndiye aliyesogea. Hakumgusa Mzee. Aliishika fremu kwa mikono miwili, akaisukuma taratibu, upana wake ukiwa sentimita chache tu kila upande wa mabega, mpaka mlango ukampita Mzee na kubaki nyuma yake. Mzee hakuwa amesogea hata unyayo. Alikuwa upande wa pili.

Gurudumu moja lililia kwii njia nzima.

Baadaye nilitaka kuliandika kama sehemu ya mchezo. Kijana amekubali, Mwalimu pia. Mzee amekataa. Anasema mlango hauwezi kumpita kila siku, siku nyingine yeye ndiye atakayeupita, na lisipangwe. Alichokubali kipangwe ni mafuta kwenye lile gurudumu. Fundi taa atayaleta Jumatatu.